Maporomoko madogo nyuma ya nyumba: maji yanayoanguka yanaweza kuokoa samaki wa lupango

Kati ya saa kumi na saa kumi na mbili za asubuhi, kabla jua halijatoka, ndipo bwawa dogo la samaki linapoonyesha hali yake ya kweli. Jana mchana maji yalikuwa ya kijani na matulivu, samaki walikula vizuri, na mwenye lupango alilala bila wasiwasi. Alfajiri tilapia wote wako juu ya maji, midomo wazi, wanavuta hewa kama mtu aliyepanda mlima mbio. Kukiwa na mawingu na jua likichelewa, wengine wanaelea tumbo juu. Kazi ya miezi sita au saba inapotea kwa usiku mmoja.

Jambo hilo likitokea, watu wengi huwaza kwanza sumu, jirani mwenye wivu au uchawi. Mara nyingi sababu ni nyingine kabisa, na hakuna wa kumpeleka mbele ya chifu: samaki wamekosa oksijeni. Moja ya dawa za zamani na za bei ndogo ni kuyafanya maji yaanguke kutoka juu kabla ya kuingia bwawani.

Maporomoko madogo ya maji yanajulikana zaidi kama pambo. Yako katika bustani za hoteli na nyumba za wenye uwezo, ambako maharusi hupigia picha siku ya posho. Lakini kwa familia inayofuga samaki nyuma ya nyumba, iwe Kabare, Walungu, Lubero au pembeni ya Bukavu, maporomoko hayohayo ni chombo cha kazi. Yanaweza kutengenezwa kwa mawe matatu na kipande cha tiyo. Yanaweza pia kula makuta ya mwaka mzima bila faida, kama mtu hakufanya hesabu kwanza.

Usiku, kila kitu bwawani kinapumua

Maji ya kijani si maji machafu. Rangi hiyo inatoka kwa mimea midogo sana isiyoonekana kwa macho, ambayo hukua vizuri pale mfugaji anapoweka samadi au majani yaliyooza. Mchana, mimea hiyo hutumia mwanga wa jua na kutoa oksijeni ndani ya maji. Kwa hiyo saa tisa ya alasiri bwawa la kijani huwa na hewa nyingi kuliko saa nyingine yoyote.

Jua likizama, kiwanda hicho kinasimama. Tangu hapo mimea yenyewe inaanza kutumia oksijeni, sawa na samaki, na sawa na vijidudu vinavyoozesha samadi na mabaki ya chakula chini ya bwawa. Hakuna anayetoa, wote wanachukua. Akiba ya mchana inapungua saa kwa saa, na kiwango cha chini kabisa kinafikiwa alfajiri.

Siku ya mawingu mazito huleta hatari zaidi, kwa sababu mimea haikutengeneza akiba ya kutosha. Mvua kubwa ya baridi nayo inaweza kuleta msiba: maji mazito ya baridi yanashuka chini na kuyapandisha yale ya chini, ambayo hayana oksijeni na yamebeba uozo. Ndiyo maana vifo vingi hutokea majira ya mvua, baada ya siku mbili au tatu bila jua.

Milima ya Kivu inaongeza ugumu mwingine ambao vitabu vilivyoandikwa kwa nchi tambarare havizungumzii sana. Kadiri mtu anavyopanda juu, hewa inakuwa nyepesi, na maji nayo yanashika oksijeni kidogo. Usawa wa bahari, maji ya nyuzi 20 yanaweza kubeba karibu miligramu 9 za oksijeni kwa kila lita. Kwenye mita 1,500, ambako miji ya Goma na Bukavu imejengwa, maji ya joto hilohilo yanabeba karibu miligramu 7.6 tu. Kwa maji ya joto lilelile, mfugaji wa milima ya Kivu anaanza usiku na akiba ndogo kuliko mwenzake wa Uvira au Kalemie.

Tilapia ni samaki mvumilivu. Anaweza kustahimili maji yenye chini ya miligramu 1 kwa muda mfupi. Lakini kustahimili si kukua. Ili ale vizuri na aongeze uzito, inafaa oksijeni isishuke chini ya miligramu 3. Bwawa ambalo samaki wake wanapanda juu kila alfajiri bila kufa linamdanganya mwenyewe: chakula kinaliwa, lakini baada ya miezi minane samaki bado wako kama kiganja cha mtoto.

Kambale ana bahati nyingine. Ana kiungo maalumu juu ya matamvua kinachomwezesha kuvuta hewa ya kawaida akipanda juu ya maji. Ndiyo maana katika bwawa lililokumbwa na msiba, tilapia wanaweza kufa wote na kambale akabaki akizunguka peke yake.

Ziwa Kivu ni somo la karibu

Anayetaka kuelewa maji yasiyochanganyika hahitaji kwenda mbali. Ziwa Kivu lina eneo la karibu kilomita za mraba 2,700 na kina kinachofika karibu mita 480. Lakini samaki wake, wakiwemo sambaza, wanaishi katika sehemu ya juu tu. Maji ya chini ni mazito, yamebeba chumvi nyingi na gesi, yaani kaboni dioksaidi na methani, na hayapandi juu kukutana na hewa. Huko chini hakuna oksijeni, na hakuna samaki.

Bwawa la nyuma ya nyumba halina gesi ya kutisha kama ile, lakini kanuni ni ileile kwa udogo: maji yaliyolala bila kutikiswa yanajigawa, ya juu yakiwa na hewa na ya chini bila hewa.

Upande wa pili wa mfano uko Kisangani. Kwenye maporomoko ya Boyoma, mahali ambapo mto Lualaba unashuka hatua saba katika urefu wa karibu kilomita 100, Wagenya wamekuwa wakitega samaki kwa vikapu vikubwa vilivyofungwa kwenye miti katikati ya maji yanayochafuka. Maji yanayovunjika juu ya mawe huchukua hewa kila yanapogonga. Hakuna samaki anayekufa kwa kukosa oksijeni mahali kama hapo.

Maji yakianguka yanafanya nini?

Oksijeni inaingia majini kupitia uso wa maji, pale maji na hewa vinapogusana. Bwawa tulivu lina uso mmoja tu, tena hautikisiki. Maji yakianguka na kuvunjika kuwa matone, uso huo unaongezeka mara nyingi sana, kwa kuwa kila tone lina ngozi yake. Pale matone yanapopiga maji, yanavuta pia mapovu ya hewa kwenda chini. Mapovu hayo yakipanda, yanatikisa bwawa na kuchanganya maji ya juu na ya chini.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kuangalia ni namna maji yanavyovunjika. Tiyo inayomimina maji mzima kutoka mita moja inaweza kusaidia kidogo kuliko maji yaleyale yakishuka ngazi tatu za sentimita 30 na kugonga jiwe kwenye kila ngazi. Njia rahisi inayotumika katika nchi nyingi ni kuchukua kipande cha manjanja, kukitoboa matundu mengi kwa msumari, na kukilaza kwa mteremko chini ya tiyo. Maji yanapita kwenye matundu na kunyesha bwawani kama mvua.

Kosa linaloonekana mara nyingi ni tiyo ya kuingiza maji iliyozamishwa ndani ya bwawa. Maji yanaingia kimya, bila kugusa hewa. Tiyo hiyohiyo ikiinuliwa sentimita 30 hadi 50 juu ya uso wa maji na kuwekewa jiwe la kugongea chini yake, tayari ni maporomoko. Hakuna kitu cha kununua.

Mlimani: maji yanayoshuka yenyewe

Familia zilizo kwenye miteremko ya Kabare, Walungu, Kalehe, Masisi au Lubero zina bahati moja: mlima unafanya kazi ya pampu bure. Kijito au chemchemi ikiwa juu ya bwawa, mfereji mdogo au tiyo inatosha kuleta maji, na tofauti ya urefu iko tayari.

Hata hivyo maji ya bure yana masharti yake. La kwanza ni baridi. Tilapia wa Nile anapenda maji ya nyuzi 25 hadi 30. Yakishuka chini ya nyuzi 20 anakua polepole sana, na karibu na nyuzi 16 anaacha kula. Bukavu penyewe hali ya hewa ina wastani wa karibu nyuzi 20, na juu milimani ni chini zaidi. Mtu akifungulia kijito cha baridi mchana na usiku, atakuwa na bwawa lenye hewa nyingi na samaki wasiokua.

Sharti la pili ni rangi ya maji. Kijani kile ni chakula cha tilapia. Maji mengi yakipita bila kusimama, yanaondoka na samadi na mimea yote midogo. Bwawa linabaki safi kama glasi, na samaki wanabaki na njaa.

Kwa hiyo anayetaka faida ya maporomoko bila hasara zake anafungulia maji kwa saa zinazohitajika tu: kuanzia katikati ya usiku hadi jua linapopanda, au mchana wote kukiwa na dalili za hatari. Robine rahisi, au kipande cha ubao kwenye mfereji, kinatosha kufunga na kufungua. Wakati uliobaki yanaingia maji ya kufidia yale yaliyokauka au kunywewa na ardhi.

Maji yanayoingia lazima yawe na njia ya kutokea, na ni vizuri tiyo ya kutokea ivute kutoka chini ya bwawa, ambako maji mabaya yanalala. Ikitoa maji ya juu, inafukuza maji mazuri na kubakiza yale yasiyo na hewa. Kwenye mlango wa kuingilia na wa kutokea huwekwa wavu mdogo, ili samaki wa mtoni wasiingie na vitoto vya tilapia visipotelee kwa jirani.

Goma: pale ambapo maji lazima yapandishwe

Goma ni hesabu nyingine kabisa. Mji umekaa juu ya mawe ya volkano, na mlipuko wa Nyiragongo wa mwaka 2002 na ule wa Mei 2021 uliongeza tabaka jipya juu ya yale ya zamani. Mawe hayo yana matundu. Maji yakimwagwa yanazama palepale. Hakuna kijito kinachopita katikati ya mitaa, na familia nyingi bado zinategemea maji yanayobebwa kwa bidoni, kwa kichwa, kwa pikipiki au kwa chukudu.

Bwawa la Goma linahitaji bashi ya plastiki nzito au ukuta wa simenti. Tuchukue mfano wa bwawa dogo lenye urefu wa mita 4, upana wa mita 3 na kina cha sentimita 80, kuta zikiwa wima. Linabeba mita za ujazo 9.6, yaani lita 9,600. Hizo ni bidoni 480 za lita 20. Bashi yake lazima ifunike chini, kuta mbili kila upande, na kubakiza sentimita 30 za kukunja juu kwa kila ukingo: mita 6.2 kwa mita 5.2.

Maporomoko hapa yanahitaji pampu inayorudisha maji yaleyale juu, kisha yashuke kwenye ngazi za mawe. Mawe ya volkano, ambayo mji unayo kupita kiasi, yanafaa sana: yana uso wenye matundu mengi ambako vijidudu vizuri vinakaa na kusaidia kusafisha kinyesi cha samaki. Yanapaswa kuoshwa vizuri kwanza. Chini ya ngazi hutandazwa kipande kingine cha bashi kinachoelekea bwawani. Bila hicho, maji yanapenya kati ya mawe, na baada ya siku chache bwawa limeshuka bila mtu kujua yalikokwenda.

Anayetaka pazia la maji la kupendeza anahitaji karibu lita 150 kwa saa kwa kila sentimita moja ya upana wa ukingo. Ukingo wa sentimita 20 unataka lita 3,000 kwa saa. Hapo wanunuzi wengi wanakosea. Pampu huandikwa namba mbili: kiasi cha juu cha maji, na urefu wa mwisho inaoweza kufika. Namba hizo haziendi pamoja. Pampu ya lita 3,000 inatoa lita hizo ikiwa hainui maji hata kidogo. Kwenye urefu wake wa mwisho haitoi hata tone. Kwa maporomoko ya mita moja ni lazima kuchagua pampu ambayo urefu wake wa mwisho ni angalau mita mbili, na kutegemea kwamba itatoa sehemu tu ya kile kilichoandikwa kwenye boksi.

Jua halipo wakati linapohitajika

Umeme ndio mtihani mkubwa. Paneli za jua zinaonekana kuwa jibu, lakini pampu inayowaka kwa jua peke yake inafanya kazi mchana, wakati bwawa tayari lina oksijeni ya kutosha. Usiku, saa ya hatari, inazima.

Kwa hiyo batri ni ya lazima. Pampu ya volti 12 yenye wati 40 ikifanya kazi kuanzia saa nne ya usiku hadi saa kumi na mbili ya asubuhi, inakula wati 40 mara saa 8, yaani wati-saa 320. Batri ya volti 12 na ampea-saa 100 inabeba wati-saa 1,200, lakini batri ya risasi ikimalizwa zaidi ya nusu kila siku inakufa mapema. Inabaki wati-saa 600 za kutumia, ambazo zinatosha usiku mmoja, na za pili zinakaribia kutosha. Paneli ya wati 100 ikipata jua zuri kwa saa nne au tano inaweza kurudisha kilichotumika. Siku tatu za mvua mfululizo, haiwezi. Na siku tatu za mvua mfululizo ndizo zilezile ambazo samaki wanahitaji msaada.

Wengine hutumia njia ya katikati: mchana, pampu ndogo ya jua inajaza tanki lililowekwa juu ya jukwaa. Alfajiri robine inafunguliwa na maji yanashuka yenyewe. Tanki la lita 1,000 likifunguliwa kwa lita 4 kwa dakika linadumu saa nne na dakika kumi hivi. Haliwezi kulisha bwawa kubwa, lakini linavusha bwawa dogo lenye samaki wachache hadi jua litoke, na halihitaji batri.

Anayetumia maji ya robine ya mji ana faida ya ziada: klori inayowekwa kuua vijidudu ni sumu kwa samaki, na maji yakianguka na kutikiswa yanaitoa haraka zaidi. Bado ni salama kuyaacha maji mapya yakae siku moja au mbili kwenye pipa wazi kabla ya kuyaingiza.

Hesabu ambayo wengi hawaifanyi

Bwawa la mfano, lenye mita za mraba 12, likifugwa kwa njia ya kawaida ya samadi na mabaki ya jikoni, linabeba samaki mmoja au wawili kwa kila mita ya mraba. Hao ni samaki 24. Wakifika gramu 200 kila mmoja, mavuno yote ni kilo 4.8. Ni mboga nzuri ya kula na bugali kwa siku kadhaa, lakini haiwezi kulipa batri, paneli na pampu.

Mtu akisikia hivyo, jaribu linalofuata linajulikana: kuongeza samaki. Kwa kuwa maporomoko yanaleta hewa, kwa nini asiweke 100 au 200? Kwa kweli mashamba makubwa duniani hufanya hivyo, lakini yana jenereta ya akiba na mtu anayelala kando ya bwawa. Katika lupango, bwawa lililojazwa hivyo linaishi kwa uzi mmoja. Waya ukikatika, batri ikiishiwa au majani yakiziba mdomo wa pampu saa nane ya usiku, samaki 200 hawana hata muda wa kusubiri jua. Bwawa la samaki 24 lingepita usiku huo.

Wafugaji wenye uzoefu hujiwekea mpaka hapo. Idadi ya samaki inapangwa kama vile maporomoko hayapo. Maji yanayoanguka yanabaki kuwa kinga ya siku mbaya na msaada wa kukua.

Kwa anayeishi mlimani mwenye bwawa la ari moja, yaani mita za mraba 100, picha inabadilika. Samaki 200 wa gramu 200 ni kilo 40. Maji yanashuka bure, ngazi ni za mawe ya hapohapo, na kazi ni ya siku moja au mbili. Hapo maporomoko yanalipa tangu msimu wa kwanza, hasa pale ambapo familia ingelazimika kununua makayabu au samaki wa barafu kutoka nje.

Kabla ya kuchimba

Kuna mambo manne ambayo uzuri wa maji yanayoanguka unaweza kumsahaulisha mtu.

La kwanza ni udongo. Bukavu na milima inayoizunguka inajua maporomoko ya aina nyingine, yale ya ardhi yanayobeba nyumba na watu usiku wa mvua. Bwawa linalovuja juu ya mteremko linalowesha udongo wa chini kimyakimya, mwezi baada ya mwezi. Haifai kulichimba juu ya nyumba, iwe yako au ya jirani, wala kwenye ukingo wa mteremko mkali. Maji ya kutokea yanahitaji mfereji unaoyafikisha mahali salama, hata siku ya mvua kubwa.

La pili ni kijito chenyewe. Maji yanayopita kwenye lupango yako yanasubiriwa na mama wenye bidoni chini ya mlima. Yakichukuliwa yote wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Agosti, ugomvi ni lazima. Yakirudishwa na samadi ndani yake, ni hatari kwa afya, katika eneo ambalo kipindupindu hakijawahi kuwa hadithi ya zamani. Kuzungumza na wa chini kabla ya kuchimba kunagharimu kidogo kuliko kuzungumza baadaye mbele ya chifu. Na maji ya bwawa si ya kunywa, hata yakionekana safi namna gani.

La tatu ni mbu na watoto. Mbu wa malaria hutaga kwenye maji yaliyotulia. Maji yanayotikisika na tilapia wanaokula viluwiluwi vya mbu husaidia, lakini pembe zenye majani marefu, ambako mtikisiko haufiki, zinabaki kuwa nyumba yao. Majani ya ukingoni hukatwa kila wiki. Na kwa kuwa hakuna kinachovuta mtoto kama maji yanayoanguka, uzio unajengwa kabla ya maporomoko. Sentimita 80 zinatosha kumzamisha mtoto wa miaka miwili.

La nne ni umeme. Pampu inayotumia umeme wa nyumba, yaani volti 220, iliyounganishwa kwa waya uliofungwa mpira ndani ya maji, inaweza kumuua anayeingiza mkono bwawani. Bila fundi wa kweli na dijonkteri inayokata haraka, ni bora kubaki na pampu ya volti 12.

Pasipo pampu wala kijito

Wapo ambao hawana mlima wala uwezo wa kununua pampu. Kwao pia usiku unaweza kupita salama. Wanaweza kupunguza samadi majira ya mawingu, kuacha kulisha jioni, kuondoa chakula kilichobaki, na kuvuna mapema samaki wakubwa ambao ndio wanaotumia hewa nyingi. Rangi ya maji ni kipimo kizuri: mkono ukizamishwa hadi kwenye kiwiko na vidole visionekane kabisa hata kabla ya kufika nusu, kijani kimezidi, na samadi inasimamishwa.

Siku ya dharura, samaki wakiwa tayari juu na midomo wazi, familia nzima inaweza kuwa maporomoko. Maji yanachotwa kwa ndoo, yanainuliwa juu ya kichwa na kumwagwa tena bwawani kupitia kikapu au bati lililotobolewa, au yanapigwa kwa matawi, mpaka jua lipande. Ni kazi ya saa moja au mbili yenye kuchosha mikono, lakini imewahi kuokoa mabwawa mengi. Siku hiyo samaki hawapewi chakula, kwa sababu kuyeyusha chakula tumboni nako kunataka oksijeni.

Kwa anayefikiria kununua, mpangilio wa matumizi unajieleza. Kwanza ni kuinua tiyo iliyozama na kuiwekea jiwe. Pili, ngazi za mawe au manjanja yenye matundu. Tatu, robine ya kufungua usiku na kufunga mchana. Pampu, batri na paneli zinakuja mwisho kabisa, baada ya mwenye bwawa kuamka alfajiri kwa wiki mbili mfululizo, msimu wa mvua, na kuhesabu ni asubuhi ngapi samaki wake walipanda juu. Kama ni moja au mbili, ndoo na kikapu vinatosha. Kama ni kila siku, tatizo ni samaki wengi au samadi nyingi, na hayo mawili hupunguzwa bila kutoa hata franka moja.